Land Rover 109 na Land Cruiser HJ47: Magari Mawili ya Mirathi Yapimwa Kondoa

Kiangazi kilichopita tulialikwa Kondoa na familia moja iliyofiwa na baba. Hatukuitwa kuhani, kwani arubaini ilikwisha kupita. Tuliitwa tushuhudie magari mawili yakipimwa. Marehemu, Allah amrehemu, aliacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Wazazi wake walikuwa wametangulia zamani. Aliacha pia nyumba, shamba la mahindi na alizeti, ng'ombe wachache, na chini ya mkwaju ulio nyuma ya nyumba, magari mawili: Land Rover 109 iliyotengenezwa mwaka 1981 na Toyota Land Cruiser HJ47 ya mwaka 1983. Nyumba, shamba na ng'ombe havikuleta ubishi. Ubishi ulitoka chini ya mkwaju.

Mtoto wa kiume mkubwa alisema kwamba baba alikwisha kumwahidi Toyota tangu miaka mingi, kwa hiyo isihesabiwe katika mirathi. Ama Land Rover, kwake ilikuwa mkweche. Iuzwe kwa kilo, na fedha itakayopatikana igawanywe. Mdogo wake wa kiume alinyamaza. Binti mkubwa alitazama chini. Binti mdogo, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani akilima alizeti pamoja na wazazi, aliuliza swali moja tu: "Kaka, kama ni chuma chakavu, mbona baba alikiwasha kila Ijumaa mpaka wiki aliyolazwa?"

Hapo ndipo baba yao mdogo, aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, alipoamua kwamba maneno yaishe na vipimo vianze. Alitafuta mafundi wawili: mmoja mzee wa Kondoa aliyejifunzia kazi kwenye Land Rover za serikali, na mwingine wa mjini Dodoma ambaye riziki yake yote imetokana na Toyota. Hakuna aliyeambiwa ni mrithi gani anayelitaka gari gani. Sisi tulialikwa tuwe macho ya nje, tuandike tutakachokiona, kwa sharti kwamba jina la mtu yeyote lisitajwe. Sharti hilo tumelitunza.

Ahadi na makabidhiano

Kabla ya funguo kugeuzwa, shehe wa msikiti wa mtaa aliombwa aieleze ile ahadi. Alieleza kwa ufupi. Zawadi hukamilika pale mtoaji anapoikabidhi na mpokeaji akaipokea angali hai mtoaji. Toyota haikukabidhiwa: kadi ilibaki kwa jina la marehemu, funguo zilibaki mfukoni mwake, na mafuta alijaza yeye. Na kama maneno yake yalikuwa wasia, basi wasia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi hausimami isipokuwa warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo Toyota ilirudi katika hesabu.

Hesabu yenyewe, baada ya gharama za mazishi na madeni kutolewa, ilifuata mafungu yaliyowekwa katika Surat An-Nisaa. Mjane hupata thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Ili kuepuka visehemu vigumu, shehe aliigawa mali yote katika mafungu 48: mama 6, kila mtoto wa kiume 14, na kila binti 7. Hapo kila mtu aliona kwa nini bei ya magari ina uzito. Kosa katika thamani ya gari moja huingia katika mafungu yote 48, na anayeumia zaidi ni mwenye fungu dogo.

Ndugu wa mbali

Magari haya mawili yana babu mmoja, naye ni jipu ya Marekani ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa akitumia jipu kuukuu shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, aliwaza kutengeneza gari la mkulima litakaloshika nafasi yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma cha bati wakati ule kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza, ilhali aluminiamu ilipatikana. Ndiyo maana bodi ya Land Rover ikawa ya aluminiamu, na ikabaki hivyo. Herufi na namba ambazo watu wetu wanazijua kwa moyo zina maana ya kawaida kabisa: 109 ni inchi zilizopo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sawa na sentimeta 277. Toleo la tatu, ambalo ndilo la marehemu, lilianza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1976, kampuni ilitimiza Land Rover ya milioni moja.

Toyota ilianza safari yake mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, ilipotengeneza gari lililoitwa BJ. Mwaka huohuo dereva wa majaribio alilipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa Japani wakaridhika nalo. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Kizazi cha arobaini, ambacho HJ47 ni mtoto wake wa mwisho, kiliishi kuanzia mwaka 1960 hadi 1984. Kilipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na kizazi cha sabini, kile ambacho leo kila mtu wa Dodoma anakiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo, na ambacho bado kinatengenezwa hadi leo.

Yote mawili yalifika uwanda wa kati kwa kazi moja. Kabla ya lami, barabara kutoka Dodoma kwenda Kondoa na Babati, ambayo ni sehemu ya njia kuu ya kale ya kutoka Cape Town hadi Cairo, ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami ya kilometa 251 baina ya Dodoma na Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo, mgonjwa wa usiku, mama mjamzito, magunia ya karanga na jeneza, vyote vilisubiri gari la kuvuta kwa magurudumu manne. Mama mjane alituambia kwamba binti yake mdogo alizaliwa hospitalini kwa sababu ya ile Land Rover, na kwamba wazee wengi wa mtaa ule walipelekwa makaburini nayo.

Injini: nani ana nguvu, na nguvu ya namna gani

Mafundi walianza kwa kufunua boneti. Injini ya Land Rover ni ya dizeli, silinda 4, yenye ujazo wa sentimeta 2,286, ambayo kiwandani ilipimwa kutoa nguvu farasi 62. Injini ya Toyota, inayoitwa 2H, nayo ni ya dizeli, lakini ina silinda 6 na ujazo wa sentimeta 3,980. Nguvu yake ni farasi 100 na ushei. Hakuna iliyo na taabo. Zote huvuta hewa kwa pumzi zao wenyewe, na hilo ni jambo la kuzingatiwa katika uwanda wetu. Mji wa Dodoma upo zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kondoa ipo juu zaidi. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Anayezisoma namba za kiwandani akiwa Dodoma hana budi kupunguza kitu.

Kijana mmoja aliyekuwapo alisema basi ubishi umekwisha: 100 ni zaidi ya 62. Fundi mzee alimtaka asifanye haraka. Akachukua kijiti akaandika mchangani. Ukigawa nguvu kwa ujazo, Land Rover hutoa farasi 27 hivi kwa kila lita, na Toyota 25 au 26. Kwa kila lita, mdogo hazidiwi. Ila amezaliwa mdogo, na ili kufanya kazi ya mkubwa hulazimika kukimbia zaidi.

Tofauti kubwa, alisema fundi wa Toyota, haimo katika farasi. Imo katika nguvu ya kuzungusha, ile inayolitoa gari lenye mzigo pale liliposimama. Toyota hutoa nyutonimeta 240 injini ikizunguka mara 2,000 tu kwa dakika. Land Rover hutoa 140 ikizunguka mara 1,800. Yaani zote mbili hutoa msukumo wao mkubwa zikiwa bado zinatembea pole, kama inavyopasa gari la shamba, lakini msukumo wa Toyota ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa mwenzake.

Land Rover huufidia upungufu huo kwa gia. Difu zake zina uwiano wa 4.7 kwa 1. Ukiweka gia ya kwanza na ile liva nyekundu ya gia ndogo, injini huzunguka mara 40 hivi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Gia za Toyota ni ndefu zaidi. Kwa hiyo moja hufika kwa nguvu ya injini, nyingine kwa subira ya gia. Gharama ya subira hiyo hulipwa barabarani: Land Rover ikifika kilometa 100 kwa saa huwa imefika ukingoni, na kelele yake humfahamisha dereva hivyo.

Siku ya kwanza: lami

Kila gari lilipakiwa magunia sita ya mahindi, likajazwa mafuta hadi shingoni mwa tangi, kisha yakaondoka Kondoa kwenda Dodoma na kurudi, yapata kilometa 160 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Tulipanda Land Rover wakati wa kwenda na Toyota wakati wa kurudi.

Juu ya lami hapakuwa na ushindani. Toyota ilipanda vilima vya Chemba bila kuacha gia ya nne. Land Rover ililazimika kushuka hadi ya tatu, na kwenye mlima mmoja hadi ya pili, huku basi likitupita na kutuachia vumbi la pembeni. Tulifika Dodoma karibu nusu saa nyuma ya wenzetu. Mazungumzo ndani ya Land Rover yalihitaji sauti ya juu, na upepo uliingia kwa mahali ambapo hapakukusudiwa kuwa dirisha. Springi za magari yote mawili ni za pleti mbele na nyuma, kwa hiyo hakuna aliyedai raha; ila Toyota, kwa uzito wake na urefu wake, ilitulia zaidi. Urefu baina ya ekseli zake ni sentimeta 295, ambazo ni 18 zaidi ya mwenzake.

Jioni matangi yalijazwa tena. Land Rover ilikuwa imekunywa kidogo kuliko Toyota, na tofauti yenyewe ilitoshea katika dumu dogo la lita tano. Mtoto wa kiume mkubwa alifurahi kwa sababu alitarajia tofauti kubwa zaidi. Baba yao mdogo aliandika yote mawili: muda na mafuta.

Siku ya pili: mchanga na mawe

Siku ya pili tuliiacha lami tukaelekea magharibi, upande wa mto Bubu, ule unaopeleka maji yake katika mbuga ya Bahi. Wakati wa kiangazi mto wenyewe ni mchanga mtupu, mpana na mzito, na magari mengi ya mjini hugeukia hapo.

Binti mdogo ndiye aliyekaa kwenye usukani wa Land Rover. Kabla ya kuingia mchangani alishuka, akapunguza upepo katika tairi zote nne, akaingiza magurudumu ya mbele kwa kukibonyeza kile kirungu cha njano, kisha akavuka kwa gia ya chini bila kusimama na bila kukanyaga mafuta kwa ghafula. Gari lilikwenda pole kama punda aliyebeba maji, likatoka upande wa pili.

Kaka yake aliingia na Toyota kwa kasi, akiutegemea ule msukumo wa injini. Katikati ya mto magurudumu ya nyuma yalianza kuchimba. Alikanyaga zaidi, na gari likakaa juu ya tumbo lake. Tulishuka sote tukachimba, mashahidi na warithi, mikono ikiwa imejaa mchanga. Tairi zilipopunguzwa upepo, Toyota ilitoka kwa gia ya pili, mahali ambapo Land Rover ilihitaji ya kwanza, na ikapanda ukingo kama haikuwahi kukwama.

Watu walianza kucheka, na kijana yule aliyetangulia kuipa Toyota ushindi sasa aliipa Land Rover. Fundi wa Dodoma alimzuia: "Usiandike kwamba gari limeshindwa. Andika kwamba lilikanyagwa vibaya." Tukaandika hivyo. Ni kweli kwamba Land Rover, kwa wepesi wake na bodi yake ya aluminiamu, huusamehe mguu usio na ujuzi mchangani. Na ni kweli pia kwamba Toyota ikiendeshwa kwa adabu hufanya kazi ileile ikiwa na akiba ya nguvu.

Alasiri tulipanda kaskazini hadi Kolo, tukaingia njia ya mawe inayoelekea kwenye michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hapa Land Rover iliwekwa gia ndogo, na dereva akaondoa mguu kwenye mafuta. Ilipanda yenyewe, jiwe baada ya jiwe, na wakati wa kushuka injini iliizuia kiasi kwamba breki hazikuguswa ila mara mbili. Toyota ilipanda kwa gia ya juu zaidi na kwa haraka zaidi, lakini kwenye mgongo mmoja wa mwamba ilikwaruza chini, kwa kuwa gari lenye ekseli zilizo mbali huacha tumbo wazi zaidi. Usukani wa zote mbili ulikuwa mzito. Mabega ya madereva yalilijua hilo kesho yake.

Nyundo ya fundi

Tulidhani majaribio yamekwisha, kumbe sehemu iliyobadili hesabu ilikuwa bado. Asubuhi ya siku ya tatu mafundi waliingia chini ya magari wakiwa na nyundo ndogo, wakawa wanagonga chasisi hatua kwa hatua na kusikiliza.

Bodi ya Land Rover haioti kutu kama chuma, lakini chasisi yake ni ya chuma, na huoza kutoka ndani. Fundi mzee aligonga mihimili yote miwili, na sauti ilikuwa ya chuma kizima. Gari hilo halikuwahi kuishi pwani. Miaka yake yote lilikuwa katika uwanda huu mkavu, ambako mvua huanza Desemba na kukoma Aprili, na ukame huo ulilihifadhi. Aliitazama pia ekseli ya nyuma, akaonyesha kwamba ni ile nzito ya Salisbury ambayo 109 za toleo la tatu zilipewa, tofauti na ekseli za zamani ambazo zilizoea kukata shafti zikibebeshwa mzigo. Na kwa kuwa injini ilikuwa ya mwaka 1981, ilikuwa na krenki inayoshikiliwa na beringi kuu tano badala ya tatu, badiliko lililofanywa mwaka 1980. Aibu zake alizitaja pia: ilivuja oili mahali pawili, gia ya tatu iliruka ikiachwa bila kushikwa, na breki zake za ngoma zilihitaji kufanyiwa kazi kabla mtu hajaipeleka tena Dodoma.

Toyota iligongwa ikatoa sauti nzuri mbele na katikati. Nyuma, juu ya springi ya kushoto, nyundo ilizama. Fundi wa Dodoma, ambaye sote tulidhani angelitetea gari lake, ndiye aliyesema kwanza: kabla ya kuja Kondoa gari hili lilifanya kazi pwani, na chumvi ilibaki ndani ya mhimili. Injini yake ilikuwa nzuri mno, giaboksi haikuwa na neno, lakini chasisi ilipasa kukatwa na kuungwa upya na mtu anayeijua kazi hiyo. Bodi nayo, kwa kuwa ni ya chuma, ilikwisha kuliwa chini ya milango.

Kuhusu spea, mafundi waliafikiana. Toyota ina faida ya kuwa na mrithi aliye hai, ile mkonga, na mafundi wanaoijua hawakosekani katika mji wowote wa uwanda huu. Land Rover ina faida ya wepesi: vitu vingi hufunguliwa kwa spana chache na hutengenezeka barazani kwa fundi. Na mapenzi ya watu kwake hayajaisha. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover za kila umri zilikusanyika Arusha kwa maonyesho, na gari ambalo watu husafiri kwenda kulitazama halina sababu ya kupimwa kwa kilo.

Kwa muhtasari

Land Rover 109 (1981): dizeli, silinda 4, ujazo 2,286, farasi 62, nyutonimeta 140, ekseli hadi ekseli sentimeta 277, gia nne na gia ndogo, bodi ya aluminiamu. Inafaa shamba, mchanga, mawe na safari fupi zenye mzigo. Haifai mtu mwenye haraka.

Land Cruiser HJ47 (1983): dizeli, silinda 6, ujazo 3,980, farasi 100 na ushei, nyutonimeta 240, ekseli hadi ekseli sentimeta 295, gia nne na gia ndogo, bodi ya chuma. Inafaa safari ndefu, mzigo mzito na milima. Haifai mtu asiyechunguza kutu.

Bei na mafungu

Kila fundi aliandika bei yake katika karatasi yake bila kuonana na mwenzake. Baba yao mdogo alizifungua mbele ya warithi wote, akachukua wastani. Kwa kila shilingi tatu za Toyota, Land Rover ilipata mbili. Laiti Toyota ingekuwa na chasisi nzima, walisema mafundi, pengo lingekuwa kubwa zaidi.

Sasa na tuyatazame yale maneno ya mwanzo kwa jicho la hesabu. Kama Toyota ingetolewa nje ya mirathi kwa ahadi isiyokabidhiwa, sehemu tatu kati ya tano za thamani ya magari zingeondoka kabla mgawanyo haujaanza. Sehemu mbili zilizobaki zingepimwa kwa bei ya chuma chakavu. Mama na mabinti wangepunjwa mara mbili, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa amekusudia kuiba. Mtoto wa kiume mkubwa alizitazama zile karatasi kwa muda mrefu. Kisha alimgeukia mama yake akasema, "Mama, mimi nilisema nililolisikia. Sikujua hesabu yake." Mama alimjibu, "Mwanangu, baba yako alikuahidi, nami nilisikia. Lakini alikufa kabla hajatimiza, na sasa ni letu sote."

Yeye alichukua Toyota, ikahesabiwa ndani ya mafungu yake 14, na kwa ajili hiyo akawaachia wenzake ng'ombe ambao wangekuwa wake. Binti mdogo alichukua Land Rover ndani ya mafungu yake 7. Ndugu wawili waliobaki walichagua shamba na mifugo. Kadi za magari zilipelekwa Mamlaka ya Mapato kubadilishwa majina, kwa barua ya msimamizi wa mirathi.

Kwa familia nyingine zenye magari chini ya mkwaju, mafundi na msimamizi walituachia mambo manne ya kuwafikishia. Ukitaka kumpa mtoto gari, mpe leo: mkabidhi funguo mbele ya mashahidi na ubadilishe kadi ungali hai. Mkipima gari la mirathi, tafuteni mafundi wawili wasiojua nani analitaka. Msisome namba za kiwandani peke yake, kwa maana gari la miaka 40 lina historia kuliko vipimo; gongeni chasisi. Na kabla ya kuliita gari chuma chakavu, liwasheni kwanza.

Jambo moja halikuandikwa katika hesabu, nalo waliafikiana kwa mdomo tukiwa tunaaga. Jeneza la msikiti, ambalo kwa miaka mingi lilibebwa na gari la marehemu, litaendelea kubebwa na magari hayo. Ukitokea msiba, atakayeitwa kwanza ni yule ambaye gari lake ni zima siku hiyo. Tulipoondoka Kondoa, Toyota ilikuwa imekwisha kupelekwa kuungwa chasisi, na Land Rover ilikuwa pale pale chini ya mkwaju, ikiwa imetandikiwa kipande cha boksi kukinga oili.